Kubadilisha mpira wa kulanti unaovuja mahali pasipofikika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mpira mkubwa wa juu wa rejeta hubadilishwa na yeyote mwenye bisibisi. Ukurasa huu unahusu ile mingine inayopitisha kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini: mipira ya hita iliyojificha nyuma ya injini, ule mfupi unaopitisha maji kando ya themostati (valvu inayofunguka kwa joto), ile iliyolala chini ya manifoldi ya hewa (bomba lenye matawi linalopeleka hewa kwenye silinda), na ile myembamba inayokwenda kwenye throto (valvu ya kuingizia hewa) au turbo. Mpira wenyewe si kitu kigumu. Kazi hii huharibikia sehemu mbili: kwenye nguvu inayotumika kuung'oa wa zamani, na kwenye haraka ya kuliingiza gari barabarani kabla hewa haijatoka.

Nitajuaje kuwa ni mpira na si pampu ya maji au gaskiti?

Anza uchunguzi injini ikiwa baridi. Kulanti inapokauka huacha ukoko mweupe au wa rangi yake: kijani, pinki, chungwa, buluu. Fuata ukoko huo kuelekea juu, si chini. Maji hushuka, kisha upepo wa feni na wa barabarani huyasukuma nyuma, kwa hiyo tone unaloliona sakafuni huwa mbali na lilikotoka. Mpira wa nyuma ya injini hudondokea juu ya gia boksi, na gia boksi nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu hiyo.

Kifaa kinachomaliza ubishi ni pampu ya mkono ya kupimia presha. Inafungwa mahali pa kifuniko cha rejeta au cha tanki la akiba, unapampu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, ambacho kwa magari mengi ni kati ya 0.9 na 1.4 bar, kisha unaacha dakika 10 hadi 15. Usizidishe kiwango hicho. Ukizidisha utapasua kitu kilichokuwa kizima. Sindano ikishuka, zungusha tochi na kioo kidogo cha mpini mrefu kila mahali penye klipu. Fanya kipimo hiki injini ikiwa baridi, kwa sababu kuna mivujo ya kwenye klipu inayojitokeza baridi tu: joto likipanda mpira hutanuka, unajibana na kujiziba.

Sindano inashuka lakini huoni tone popote? Gusa zulia la mbele upande lilipo boksi la hita. Likiwa na unyevu wa kunata wenye harufu tamu, kinachovuja ni rejeta ndogo ya hita. Zulia likiwa kavu, pima kama gesi ya moshi inaingia kwenye maji: kimiminika cha buluu cha kipimo hicho hugeuka njano kwenye injini ya petroli ikiwa gaskiti ya silinda hedi imeachia. Mpira mpya hautatibu hali hiyo.

Mpira unaonekana mzima kabisa kwa nje. Unawezaje kuvuja?

Kwa sababu mara nyingi huoza kuanzia ndani. Mipira mingi ya kulanti hutengenezwa kwa raba ya aina ya EPDM iliyofumwa nyuzi katikati. Umeme mdogo unaozalishwa kati ya kulanti na metali za injini huichimba raba hiyo mianya myembamba kutoka ndani, hasa karibu na ncha. Maji huingia kwenye nyuzi, husafiri ndani kwa ndani, na kutokea mahali pengine.

Bonyeza mpira kwa vidole, kwanza katikati, kisha sentimita tano hivi kutoka kwenye ncha. Ncha ikiwa laini kuliko katikati, au ukisikia kama kuna ufa unaojikunja ndani, umekwisha hata kama nje unang'aa. Mpira uliokakamaa na kulia unapokunjwa umeungua kwa joto. Uliovimba na kunata umelowa mafuta ya injini, na huo una sharti lake: ziba kwanza mafuta yanakotoka, la sivyo na mpya utavimba vilevile, kwani EPDM haivumilii mafuta ya injini kabisa. Angalia pia doa lililosuguliwa ubavuni. Doa la namna hiyo maana yake mpira uligusana na bano au chuma, na usipoondoa mgusano huo utafunga mpira mpya juu ya msumeno uleule.

Naweza kuendelea kuendesha nikiongeza maji kila siku?

Tunashauri usifanye hivyo. Mfumo wa kupoza injini unategemea presha. Mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji huchemka kwenye nyuzi 107 za Selsiasi hivi ukiwa wazi, lakini chini ya presha ya bar 1 hufika karibu nyuzi 129. Mpira unaovuja huondoa presha hiyo, na maji huanza kuchemka ndani ya silinda hedi, karibu na njia za kutolea moshi, kabla hujaona lolote kwenye dashibodi. Kibaya zaidi, maji yakishuka chini ya sensa ya joto, sensa inabaki kwenye mvuke na geji inaweza kuonyesha kuwa mambo ni shwari wakati hedi inapinda.

Ukikwama njiani, tepu ya silikoni inayojishika yenyewe, ikizungushwa kwa kuvutwa kwa nguvu juu ya mpira mkavu, inaweza kukufikisha mahali pa kutengeneza. Kama unaovuja ni mpira wa hita, kwenye magari mengi unaweza kuunganisha njia ya kwenda na ya kurudi kwa kipande kimoja cha mpira na kuiacha hita nje kwa muda. Usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka. Izime, ngoja ipoe.

Injini ipoe kiasi gani kabla ya kuanza?

Mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta na kuukamata bila kuachia. Baada ya safari ndefu hilo huchukua saa moja na zaidi. Hata hapo, funika kifuniko kwa kitambaa kinene, zungusha robo, sikiliza, na ukisikia mluzi simama hadi uishe. Kulanti iliyo juu ya kiwango chake cha kuchemka hugeuka mvuke mara tu presha inapotoka, na huruka usoni.

Toa waya hasi wa betri. Feni ya umeme kwenye magari mengi hujiwasha yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa, na katika kazi hii mikono yako iko karibu nayo. Ukilazimika kuingia chini, gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki.

Nahitaji vifaa gani ambavyo havimo kwenye boksi la kawaida?

Kimoja kinachobadilisha kazi nzima: plaizi ya klipu yenye kebo. Ina mdomo mdogo unaoshika masikio ya klipu ya springi, kebo ndefu inayopinda, na mpini unaojifunga ukibanwa. Unaingiza mdomo mahali mkono hauingii, unabana ukiwa nje, klipu inabaki wazi, unaisogeza. Kwa plaizi ya kawaida klipu hiyohiyo itakuponyoka mara nyingi, na siku moja itakuponyokea ndani ya uvungu wa injini usiione tena.

Vingine ni kulabu ya kung'olea mipira iliyopindwa nyuzi 90, racheti ndogo ya robo inchi na viungo vyake virefu na kimoja kinachopinda, soketi za 6, 7, 8 na 10 mm, kioo, na tochi ya kuvaa kichwani. Simu pia ni kifaa hapa: piga picha kila klipu ilivyokaa kabla hujaigusa, kutoka pembe mbili. Ukiweza kuingiza simu mahali jicho haliingii, rekodi video fupi ukiwa umewasha taa yake.

Niufikieje bila kufungua nusu ya injini?

Kaa na tochi kwanza, bila spana. Tafuta ncha mbili za mpira, klipu zake, na njia ambayo mpira umepitishwa. Watu wengi huanza kufungua kilicho karibu, baadaye wanagundua kwamba njia rahisi ilikuwa upande mwingine.

Mpangilio tunaoufuata ni huu. Kwanza juu: boksi la filta ya hewa na mpira wake mkubwa, trei ya betri, tanki la akiba. Vitu hivyo vitatu hutoka kwa bolti chache na kwenye magari mengi vinatosha kufungua njia ya mkono. Kisha chini: toa kinga ya plastiki ya chini ya injini utazame juu. Mpira unaokwenda pampu ya maji mara nyingi huonekana vizuri kutoka hapo, au kupitia kwenye tairi ukishatoa gurudumu na plastiki ya ndani ya bawa. Kwa mipira ya hita iliyobanwa kati ya injini na ukuta wa abiria, toa plastiki ya chini ya waipa. Kuna magari ambayo kitendo hicho kinakupa nafasi ya mikono yote miwili. Throto ikiwa njiani, hutoka kwa bolti tatu au nne, na mara nyingi inaweza kusogezwa pembeni na waya zake zikiwa zimefungwa.

Manifoldi ya hewa iwe ya mwisho. Kama unaziona klipu zote mbili na mkono mmoja unafika, usiifungue. Ila kama mpira umepita chini yake na ncha moja haionekani, acha kujitesa. Kuling'ang'ania pengo la vidole viwili kwa saa nyingi ndiko kunakovunja shingo za plastiki. Ukiitoa, punguza presha ya petroli kabla ya kufungua mstari wowote wa mafuta. Ziba matundu ya hewa kwenye hedi kwa vitambaa safi vikubwa ambavyo haviwezi kumezwa, na uvihesabu wakati wa kuvitoa. Gaskiti za manifoldi ziwe mpya. Bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili au tatu, kwa kiwango cha kitabu cha gari lako. Bolti za M6 kwenye aluminiamu kwa kawaida huwa kati ya 8 na 12 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), na hicho ni kiasi kidogo sana kuliko mkono unavyodhani.

Na ukishafika huko chini, badilisha kila mpira unaouona, pamoja na viungo vya plastiki vya umbo la T. Vimekaa joto moja kwa miaka ileile. Kilichobaki kitapasuka, nawe utarudia kazi yote kwa ajili ya kipande cha urefu wa kidole.

Mpira umeganda kwenye shingo yake. Nivute zaidi?

Hapana. Shingo, yaani kile kibomba ambacho mpira umevikwa, ndiyo sehemu ya thamani, mpira unautupa. Shingo za rejeta ya hita ni za aluminiamu nyembamba, shaba au plastiki, na zimeshikiliwa na uchomeleaji mdogo. Ukivunja moja, kazi ya alasiri inageuka kuwa kung'oa dashibodi.

Sogeza klipu nyuma kabisa, itoke juu ya shingo. Kamata mpira kwa mkono au kwa plaizi yenye mdomo mpana, uuzungushe kidogo kushoto na kulia bila kuvuta. Ukizunguka, gamu imeachia, sasa utatoka. Usipozunguka, pitisha kulabu kati ya mpira na shingo, ukiizungusha taratibu, na ncha yake kali isiikwaruze shingo. Ukikaidi, ukate kwa wembe kwa urefu, kuanzia ncha, sentimita mbili au tatu. Usikate mpaka chini kwa mkupuo mmoja. Kata robo tatu ya unene, kisha upasue kwa vidole au ncha butu. Mkwaruzo wa wembe unaokwenda kwa urefu wa shingo ni mfereji, na kulanti itapita humo hata ukifunga klipu mpya namna gani.

Sehemu ya mpira inayokuzuia kufika unaweza kuikata katikati na kuitoa vipandevipande. Hakikisha tu kwamba mpya uko mkononi na umelingana na wa zamani kabla ya kukata.

Shingo ina kutu au ukoko mgumu.

Safisha kwa msasa laini au pedi ya kusugulia, ukizungusha kwa mduara, kamwe si kwa urefu, kwa sababu ileile ya mfereji. Ziba tundu kwa kitambaa vumbi lisiingie kwenye mfumo. Mashimo madogo yaliyo mbele tu, karibu na mdomo, hayana shida sana; yale yaliyo chini ya mahali klipu inapobana ndiyo yanayovujisha. Shingo ya chuma iliyoliwa hadi kuwa karatasi ibadilishwe. Silanti ya kupaka haiokoi shingo iliyooza, na vipande vyake vikikatika ndani husafiri hadi kwenye hita.

Mpira wowote wa ukubwa sawa unafaa?

Uwe wa kulanti, yaani ulioandikwa kwa matumizi ya maji moto ya injini. Mpira wa petroli, wa hewa au wa bustani haufai, hata ukiingia vizuri. Mipira ya hita mara nyingi huwa na kipenyo cha ndani cha 16 au 19 mm, ile ya throto karibu 8 mm, na ya rejeta kuanzia 30 mm na kuendelea. Pima shingo, si mpira wa zamani, maana ule umeshatanuka.

Ulioundwa na mikunjo yake kiwandani ni bora kuliko ulionyooka. Ukikunja ulionyooka kwenye kona kali unajibana na kuziba njia, na hilo huenda usilione baridi. Joto likiupata raba inalegea na kona inafunga. Kwa mpira mfupi wa kona mbili hakuna njia ya mkato. Unaweza, hata hivyo, kununua mpira mrefu zaidi wenye kona inayolingana na kukata sehemu unayoihitaji, mradi ukate mraba na kwa wembe mkali.

Mipira ya silikoni huvumilia joto vizuri, lakini nayo haipatani na mafuta, na klipu ya skrubu yenye matundu wazi huikata. Hiyo inataka klipu zenye bamba laini la chuma upande wa ndani.

Klipu za springi nizirudishe, au niweke za skrubu?

Rudisha za springi kama hazijalegea wala kushika kutu, au ununue mpya za ukubwa uleule. Springi hufuata mpira unapotanuka na kunywea, kwa hiyo mahali usipofika tena kirahisi ndipo inapofaa zaidi. Ya skrubu hubaki ilipokazwa. Raba ikishazoea, inalegea, nawe hutafika kuikaza.

Ukilazimika kutumia ya skrubu, ikae milimita 3 hadi 6 kutoka mwisho wa mpira, na iwe nyuma ya ukingo uliovimba wa shingo, si juu yake. Kaza kati ya 2 na 5 Nm kutegemea upana wa mkanda wake. Raba ikianza kufura kupitia kwenye matundu ya klipu umepitiliza, na shingo ya plastiki itapasuka kimyakimya. Elekeza kichwa cha skrubu mahali bisibisi itafika injini ikiwa imefungwa yote. Watu hulisahau hili kila mara, kwa kuwa wanaikaza manifoldi ikiwa nje.

Vika klipu kwenye mpira kabla hujauingiza. Ncha ngumu kufikika iingie kwanza, nyingine baadaye. Ukubwa ukiruhusu, toa kibomba cha chuma kizima pamoja na bano lake, uvalishe mpira mezani, kisha urudishe vyote kwa pamoja.

Nipake nini mpira uingie?

Kulanti yenyewe, au maji yenye sabuni kidogo. Usipake grisi wala mafuta.

Je, naweza kukata sehemu mbovu na kuunga kwa kiungo?

Kama sehemu iliyosuguliwa iko katikati na ncha zote ni nzima, kiungo cha shaba chenye meno na klipu mbili kitafanya kazi. Tunakichukulia kuwa cha muda. Kila kiungo ni sehemu mbili mpya za kuvuja, na mpira uliobaki una umri uleule wa kilichokatwa. Kwenye mahali pagumu kufikika usikifunge kabisa. Kama utafika hapo kufunga kiungo, unaweza kufika kufunga mpira mzima.

Mpira wangu hauna klipu, una kichwa cha plastiki kinachobofya.

Hicho huvutwa baada ya kuinua waya wake wa kufunga, kisha kinatoka kwa kuzungushwa kidogo. Kinachozuia maji ni oringi (pete ya raba) iliyo ndani. Kama mpira ni mzima na kinachovuja ni hapo, oringi mpya inaweza kutosha, lakini plastiki iliyobadilika rangi kuwa kahawia na kuvunjika kingo itapasuka kwenye kipimo cha presha. Ukiingiza kipya, sikiliza mlio wa kujifunga, kisha uuvute kwa nguvu ya kawaida kuthibitisha. Kichwa kilichoingia nusu hakivuji baridi. Hutoka chote injini ikishapata presha.

Kulanti kiasi gani itamwagika, na nirudishe ipi?

Gari dogo huwa na lita 5 hadi 8 kwenye mfumo mzima. Ukifungua bomba la chini la rejeta utapata sehemu yake tu, kwani nyingine hubaki kwenye bloku na hita. Pokea yote kwenye karai safi na uipime. Ukitoa lita 4, unajua lita 4 zinatakiwa kurudi, na zikiingia 3 tu kuna lita moja ya hewa ndani.

Rangi haikuambii aina. Kampuni mbili hutumia pinki kwa kemikali tofauti. Soma kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari na utafute chupa inayotaja kiwango hicho. Aina zisizopatana zikichanganywa, kinga ya kutu hupungua, na nyingine huganda na kuwa tope linaloziba hita. Maji ya kuchanganyia yawe yaliyosafishwa madini. Maji yenye chokaa huacha gamba kwenye njia nyembamba.

Nusu kwa nusu ni uwiano unaofaa mahali pengi, na hulinda hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Kulanti tupu si bora zaidi: hubeba joto vibaya kuliko mchanganyiko, na huganda kwenye nyuzi 13 hivi tu chini ya sifuri.

Kama umesafisha mfumo kwa maji, fanya hesabu hii. Mfumo wa lita 6, umetoa lita 4, maana yake lita 2 za maji zimebaki ndani. Nusu ya 6 ni 3, hivyo weka lita 3 za kulanti isiyochanganywa, kisha lita 1 ya maji. Ukimimina iliyochanganywa tayari utaishia na mchanganyiko mwepesi bila kujua.

Nitoeje hewa?

Hatua hii ndiyo inayoua injini baada ya ukarabati mzuri. Kabla ya kumimina, rudia kipimo cha presha kwa hewa tupu ikiwezekana, au angalau uvute kila mpira mpya kwa mkono. Kisha paki gari pua ikiwa juu, ili mdomo wa kujazia uwe sehemu ya juu kuliko zote. Weka hita kwenye joto la mwisho. Fungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo. Kwenye magari mengi iko kwenye kibomba cha themostati au kwenye mpira wa hita wa juu.

Mimina polepole. Funga skrubu pale maji yanapotoka bila mapovu. Faneli kubwa inayojifunga kwenye mdomo wa kujazia inasaidia sana, maana maji yanakaa juu ya kiwango na hewa inapanda kupitia humo. Rudisha betri, washa, acha injini itembee taratibu. Kamua mpira wa juu na wa chini wa rejeta kwa mkono, ukiwa mbali na feni, mapovu yatapanda. Themostati hufunguka kati ya nyuzi 82 na 95 hivi. Hapo utaona kiwango kinashuka ghafla: ongeza. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Kinachothibitisha ni hita: hewa yake iwe moto kweli na ibaki moto injini ikizungushwa taratibu na ikizungushwa kasi. Usiondoe macho kwenye geji muda huo wote, na ikipita kawaida zima mara moja.

Kifaa cha kujazia kwa kuvuta hewa kinarahisisha yote haya. Hunyonya mfumo hadi karibu 0.8 bar chini ya presha ya nje, unafunga valvu na kutazama: sindano ikitulia kwa dakika kadhaa, hakuna mvujo, na kulanti inaingia yenyewe bila kuacha mifuko ya hewa. Kwa magari mseto na yenye pampu ya maji ya umeme, kitabu hutaka pampu iwashwe kwa kompyuta ya uchunguzi wakati wa kutoa hewa. Bila hivyo hewa haitoki hata ukisubiri siku nzima.

Hita inatoa baridi na nasikia maji yakigugumia nyuma ya dashibodi.

Ni hewa, au umepishanisha mpira wa kwenda na wa kurudi, au mpira mpya umejikunja. Gusa mipira yote miwili ya hita injini ikiwa moto. Yote moto, shida iko ndani ya boksi la hita, kwenye kifuniko cha kuchanganya hewa. Mmoja moto na mwingine vuguvugu, maji hayazunguki.

Dawa ya kuziba mivujo ya kumimina kwenye rejeta si itamaliza kazi?

Haizibi mpira uliopasuka, kwa kuwa ufa hufunguka na kujifunga kila injini inapopata joto. Inachoziba vizuri ni njia nyembamba za hita, ambazo zinatakiwa kubaki wazi.

Nikague nini baada ya kumaliza?

Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, angalia kiwango. Kushuka kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Kikishuka tena siku ya tatu, rudisha pampu ya presha. Klipu za skrubu zikazwe tena injini ikiwa baridi baada ya kupata joto na kupoa mara chache. Osha kwa maji mabaki yote ya kulanti juu ya injini, ili tone jipya likitokea ulitambue. Chunguza pia mpira injini ikitikisika: mtu akanyage mafuta kidogo ghafla huku wewe ukitazama kama unagusa ekzosi, mkanda au kona ya bano.

Kulanti ya zamani niipeleke wapi?

Kwenye chupa yenye kifuniko, iliyoandikwa, kisha kwa wanaopokea mafuta machafu na kemikali za magari. Nyingi zina ethilini glaikoli, yenye ladha tamu inayovutia watoto, mbwa na paka, na kiasi kidogo huharibu figo na kuua. Usiiache kwenye karai wazi hata ukienda kunawa mikono tu, na iliyomwagika sakafuni ifyonze kwa mchanga au machujo ya mbao kabla ya kuosha. Mtu au mnyama akiionja, apelekwe hospitali au kwa daktari wa mifugo papo hapo bila kungoja dalili, kwa sababu tiba hufanya kazi vizuri zaidi katika saa za mwanzo.